Kitovu ni Sumbawanga Mjini

Weka kidole kitovuni. Usione aibu, msomaji, hakuna anayekuangalia, na kama yupo mwambie unasoma. Hapo ulipogusa ni Sumbawanga mjini. Kichwa chako ni kaskazini, miguu ni kusini, na mkono wako wa kulia uko magharibi, upande wa Ziwa Tanganyika. Sasa teremsha kidole upande wa kulia, polepole, kama mtu anayekwenda Mwimbi kwa baiskeli. Njiani, kabla hujagonga mfupa wa nyonga, ndipo Mwimbi yenyewe, kwenye kidole tumbo. Pakiuma hapo, na ukiachia kidole ghafla pakauma zaidi, usinywe dawa ya minyoo. Tafuta gari.

Hivyo ndivyo nilivyojifunza mwili wa binadamu. Aliyenifundisha tulimwita Mwalimu wa Mwili. Alikuwa na jina, na wazazi, na kijiji alikozaliwa, lakini hayo aliyajaza kwenye fomu za serikali, na panya wa ofisini wanayajua kuliko mimi. Mimi namjua kuanzia mlangoni mwa darasa, alipoingia na ndoo ya plastiki yenye mapafu ya ng'ombe, akaitua mezani na kusema, "Habari za mchana. Leo tuna mgeni."

Niseme mapema lililo zito, nisije nikalikwepa kwa kuchekesha. Ramani hiyo ya tumbo ndiyo kazi aliyoipenda kuliko zote, na alitaka jambo moja tu: iendelee kufundishwa akiwa hayupo. Ilipigwa marufuku, naye akaondolewa darasani, kwa kosa nililolifanya mimi. Hakulitaja. Mimi nami sikulitaja.

Chuo chetu kilikuwa kidogo, pembeni ya mji, cha kufundisha waganga wa zahanati za vijijini. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, mitumba ilipoanza kumwagika sokoni na sabuni ziliporudi madukani. Mwalimu wa Mwili alikuwa daktari msaidizi. Asubuhi aliona wagonjwa na kusaidia chumba cha upasuaji. Mchana alitufundisha anatomia, yaani viungo vimekaa wapi na vimeshikana na nini. Alikuwa mfupi, mwenye masikio makubwa, na alivaa koti jeupe la mtumba lenye picha ya samaki iliyotariziwa mfukoni. Alidai ni koti la daktari wa Ulaya. Sisi tuliamini ni la muuza samaki wa Ulaya, lakini lilimkaa vizuri.

Alipewa kipindi cha baada ya ugali na maharage, ambacho walimu wengine walikikimbia kwa sababu darasa zima lilikuwa linasinzia. Kwake ukisinzia uligeuka kifaa cha kufundishia. Mshikaji mmoja wa darasa letu alilala siku ya tatu tu ya muhula. Alipoamka alikuta amelazwa juu ya meza mbili zilizounganishwa, shati limefunguliwa, tumbo limechorwa kwa chaki, na sisi wote tunanakili.

"Usisogee," Mwalimu alimwambia. "Tuko kwenye ini."

Ini lilikuwa Kate: juu, upande wa kulia, kaskazini-magharibi. Kushoto juu, chini ya mbavu, ilikuwa bandama, nayo iliitwa Muze. Hii ndiyo niliyoipenda zaidi. Muze iko chini bondeni, ukielekea Ziwa Rukwa, na ukiwa huku juu kwenye baridi yetu huioni mpaka uteremke ukingo. Bandama vilevile haishikiki mpaka uingize vidole chini ya ukingo wa mbavu. Na kama ujuavyo, bondeni kuna joto na mbu, na malaria ikimkaa mtu ndiyo inayovimbisha bandama. Ukishajua Muze, umejua yote hayo kwa mara moja. Kushoto chini ilikuwa Laela, barabara ya kwenda Tunduma, kwa sababu hapo utumbo mpana hujikunja na mizigo hukwama. Kibofu kilikuwa mpaka wa Zambia: watu wanangoja kuruhusiwa kupita. Ukimuuliza kuhusu moyo alisema, "Kifua ni Mpanda. Huko wana ramani yao."

Kwa nini mtu mzima ahangaike hivyo? Nikueleze taratibu, maana hapa ndipo alipokuwa mwalimu kwelikweli. Kiswahili chetu kimelipa tumbo kazi nyingi mno. Mwenye minyoo anaumwa tumbo. Mwenye uchungu wa kuzaa anaumwa tumbo. Aliyekula maharage yasiyoiva, aliyeharibu mimba na anayekaribia kufa kwa kidole tumbo, wote wanaumwa tumbo. Mgonjwa hakosei, hilo ndilo neno lake. Anayekosea ni mganga anayeliandika kama alivyolisikia, kisha akafungua kopo la dawa.

Ndiyo maana wodini mambo yalikwenda hivi:

"Mama huyu anaumwa nini?"

"Tumbo, Mwalimu."

"Tumbo ni mkoa. Ukienda polisi ukasema umeibiwa Rukwa, watakuuliza nini?"

"Wilaya."

"Na baada ya wilaya?"

"Kata."

"Haya, mama huyu ameibiwa kata gani?"

Mama mwenyewe, aliyekuwa anasikiliza yote hayo kutoka kitandani, akajibu, "Baba, mimi sijaibiwa. Naumwa."

Maneno mengine pia yalimnyima raha. Alikuwa na daftari gumu la jalada jeusi ambalo alizunguka nalo sokoni, akiwauliza wauza nyama, wakunga na bibi zetu wanaitaje kiungo fulani, kwa Kifipa chetu na kwa Kiswahili. Kiwiko kilimtesa mwaka mzima. Kuna wanaokiita kiwiko hapa mkono unapokunjikia, na kuna wanaosema kiwiko ni huku karibu na kiganja, na wote wako tayari kugombana. Alituhadithia kisa cha mtu aliyevunjika kwa juu akafungwa plasta kwa chini, kwa sababu aliyeandika barua alitoka Pwani na aliyeisoma alitoka Ufipa. Chembe ya moyo nayo: mgonjwa akiisema anaonyesha hapa juu ya tumbo, chini ya kifua, mahali pa kiungulia. Mwanafunzi akaandika "ugonjwa wa moyo", na mzee wa watu aliyezidisha pilipili akaambiwa aache kulima.

Muuza nyama mmoja alimchoka. "Mwalimu, kila siku unauliza jina la nyama na hununui nyama."

"Ndugu yangu, nikishalijua jina hamu inakwisha."

Ujasiri huo wa majina alisema ameurithi kwa Mmarekani. Hapo lazima nieleze. Katika kabati la vitabu vilivyoachwa na mapadre wazee kulikuwa na kitabu kimoja kilichopoteza jalada na kurasa za mwisho, chenye habari za mganga mmoja wa Marekani wa karne iliyopita, mtaalamu wa anatomia. Huyo bwana naye alifundisha mchana watu wakisinzia. Naye alichukia viungo kuitwa majina ya Kilatini ambayo mama wa mgonjwa hayaelewi, akataka vipewe majina ya lugha ya nyumbani. Mwalimu wa Mwili alikisoma mara nyingi hadi tukashindwa kujua kitabu kinaishia wapi na yeye anaanzia wapi. Kadiri miaka ilivyokwenda, yule Mmarekani alizidi kuwa Mfipa. Mwanzoni alikunywa chai. Nilipofika mwaka wa pili alikuwa anakunywa uji wa ulezi. Darasa lililotufuata liliapa kwamba Mmarekani alikuwa na shamba la mahindi na alimsalimia mkwewe kwa kuchuchumaa na kupiga makofi taratibu, kama tunavyofanya sisi.

Tulimuuliza alikufaje, kwa kuwa kurasa za mwisho hazikuwepo.

"Hakufa," alisema. "Kitabu kiliraruka."

Kuhusu mifupa hatukuwa matajiri. Tulikuwa na ya mbuzi, ya nguruwe, ya ng'ombe tuliyopewa na wafugaji wa Kisukuma waliohamia bondeni, na mkono mmoja wa plastiki ambao kidole gumba chake kilikuwa upande usio wake. Mji wenyewe, kwa jina lake, unamwambia anayeingia atupe uchawi wake, na sisi tulikuwa tunakatisha sokoni na ndoo za mifupa iliyochemshwa. Kwa hiyo aliomba chumba cha kufuli, akapata, akamwita mchoraji wa mabango aandike mlangoni CHUMBA CHA MIFUPA. Mchoraji, mtoto wa hapa hapa, alisikia alivyozoea kusikia. Akaandika kwa herufi kubwa za bluu CHUMBA CHA WAFIPA.

Mwalimu alikataa kabisa maandishi yafutwe. Karani mmoja Mnyakyusa alilalamika kwamba chuoni kuna ukabila, mbona wao hawana chumba. "Leta mifupa yenu," Mwalimu alimjibu, "tutakujengea."

Kanisani alikaa benchi la nyuma na kuimba sauti ya nne, akiwa nje ya ufunguo lakini kwa imani. Katekista alifundisha kwamba mwanamume ana ubavu mmoja pungufu, ule aliotolewa Adamu. Mwalimu alimngoja nje baada ya misa, akamwomba kwa adabu avue shati, akamhesabu kwa chaki mbele ya watu. Kumi na mbili kulia, kumi na mbili kushoto. Watu wakacheka. Katekista akavaa shati lake bila haraka, akafunga vifungo vyote, kisha akasema, "Aliyetolewa ubavu ni Adamu, Mwalimu, si mimi. Wewe ukikatwa mguu, watoto wako wanazaliwa viguru?" Mwalimu akarudisha chaki mfukoni. Jumatatu alituhadithia mwenyewe kisa chote, na akamaliza kwa kusema ameshindwa na mtu asiye na shati.

Hiyo ndiyo sababu ilikuwa vigumu kumchukia hata alipokukejeli. Alijikejeli kwa bei hiyo hiyo. Aliweza kushika kitu chochote kilichotoka ndani ya mtu, lakini aliogopa sindano. Nesi aliyetaka kumchoma alilazimika kumwahidi kwanza kwamba hatamchoma. Dawa nazo hakuziheshimu. Watu walipoanza kuuza vidonge kila kona na wagonjwa wakaja wanadai "rangi mbili" kwa jina, kama wanaagiza soda, alisema ugonjwa mwingi ungepona wenyewe kama ungeachwa upumzike. Halafu serikali ikaruhusu tena zahanati za watu binafsi, naye, mtu huyo huyo, akawa wa kwanza mtaani kwao kuomba kibali. Ila hiyo ilikuja baadaye, baada ya kuondolewa, na kuondolewa kwenyewe kulianzia Muze.

Nilikuwa bondeni kwa mafunzo ya vitendo. Aliyekuwa ananisimamia alikuwa amepanda mjini kufuata dawa. Mchana wa jua kali aliletwa mama mmoja, mke wa mfugaji, juu ya mkokoteni wa ng'ombe, amejikunja. Nilimuuliza kila swali nililolijua na kwa kila swali alijibu tumbo. Nikanawa, nikasugua mikono ipate joto, nikaanza mbali na maumivu kama nilivyofundishwa: Laela kimya, Muze kubwa kidogo kama ya kila mtu wa bondeni, Kate kimya. Nilipobonyeza Mwimbi na kuachia, alinishika nywele.

Nikakimbia kwenye simu ya upepo tuliyokuwa tunaazima misheni. Ilikuwa inakoroma kama mtu mwenye mafua. Sasa, Mwalimu alikuwa na kanuni moja aliyoirudia mpaka tukaichoka: ramani ni ya kichwani na ya mikononi, haipandi kwenye karatasi wala kwenye simu. Huko unataja kiungo. Niliijua kanuni hiyo kama ninavyolijua jina langu. Nikashika kipaza sauti, nikataja kituo changu na kusema, "Mgonjwa wa Mwimbi. Mwimbi, haraka sana, anahitaji upasuaji."

Jina la kituo changu lilimezwa na mkoromo. Neno Mwimbi lilipita safi kabisa.

Gari la wagonjwa likaenda Mwimbi. Ukiangalia ramani ya kweli, Muze iko upande mmoja wa mji na Mwimbi upande wa pili, kwa hiyo kwa kila kilomita gari lilizidi kumkimbia mgonjwa wangu. Mwimbi hakuna aliyepiga simu. Dereva alikuwa ameambiwa asirudi mtupu, akazunguka kijijini akiuliza nani anaumwa tumbo. Mzee mmoja aliyekuwa kwenye pombe ya ulezi alisema la kwake linamsumbua tangu Pasaka. Akapanda, na kuku wake.

Mwalimu ndiye aliyempokea kwenye kitanda cha upasuaji. Alimshika tumbo pande zote, akamtazama, akawatazama wenzake.

"Huyu kwao ni Mwimbi," alisema, "ila Mwimbi yake ni nzima."

Walionisimulia wanasema alibadilika uso hapo hapo. Alitoka na mikono imelowa, akaenda chumba cha simu, akamwondoa opereta kitini. Nilikuwa bado nimekaa karibu na kile chombo nikingoja gari, na sauti yake ikapasua ule mkoromo: "Vituo vyote. Nani ana Mwimbi? Siulizi nani yuko Mwimbi. Nauliza nani ana Mwimbi."

Nikajibu.

"Uko wapi, binti?"

"Muze, Mwalimu."

"Usingoje gari. Mpandishe kwenye lori lolote linalopanda, mlaze ubavu, usimpe kitu mdomoni."

Tulipanda ukingo juu ya magunia ya mpunga, mume wake ameshika kichwa na mimi nimeshika miguu. Tulipofika, kidole tumbo kilikuwa kimeshapasuka. Mama yule hakufa. Lakini alikaa wodini hadi mvua zikaisha, na mimba changa aliyokuwa nayo, ambayo sikuiuliza kwa kuwa nilikuwa na haraka na Mwimbi yangu, iliharibika. Mume wake alisema neno moja tu, siku ya kuruhusiwa, bila hasira: "Mke wangu alikuwa anaumwa Muze, mkaenda kumtafuta Mwimbi?"

Kikaitwa kikao. Mkuu wa chuo, mtu msafi aliyependa mambo yaende kwa kitabu, alimuuliza Mwalimu mbele yetu sote, "Hivi wewe unafundisha anatomia au jiografia?"

"Inategemea mgonjwa anatoka wapi, Mkuu."

Haikumsaidia. Alipoulizwa kama mwanafunzi alivunja utaratibu, akasema mwanafunzi alisema kile alichofundishwa. Kanuni yake hakuitaja. Angeitaja ningefukuzwa jioni ile ile, na darasa zima lilijua hivyo, na mimi nilijua kuliko darasa. Nilikuwa nimekaa benchi la mbele. Nilitazama viatu vyangu.

Ramani aliyokuwa ametuchorea ukutani mwa darasa, ya kujifunzia tu, ikapakwa chokaa. Yeye akabakizwa wodini tu, na hakuingia tena darasani mpaka alipostaafu na kufungua zahanati yake nyuma ya soko, vyumba viwili, ambako alikataa kuwachoma sindano watu wasiozihitaji, nao wakaenda kuchomwa kwingine.

Miaka ikapita. Nikasoma zaidi, nikarudi chuo kile kile kufundisha anatomia, kwenye kipindi kile kile cha baada ya maharage. Nilifundisha ya kitabu. Alasiri moja nikaletewa kikaratasi chenye mwandiko wake: "Njoo na mikono yako."

Mkewe alinipokea mlangoni. "Amekataa hospitali," alisema. "Anasema anasubiri mtu anayejua kushika tumbo. Mimi miaka yote hii nimemshika nini?"

Alikuwa amelala kwenye kitanda chake cha kupimia wagonjwa. Amekonda, masikio yamezidi kuwa makubwa, na macho yamekuwa ya njano.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, binti. Umenawa?"

"Nimenawa."

"Maji baridi?"

"Baridi."

"Isugue basi. Mimi bado sijawa mzoga."

Nikaisugua. "Unaumwa wapi, Mwalimu?"

"Tumbo."

"Tumbo la wapi?"

"Wilaya nimeisahau. Itafute."

Nikaanza mbali. Laela kimya. Mwimbi kimya. Muze laini. Nikapanda upande wa kulia, na kabla sijafika kwenye mbavu vidole vikagonga kitu ambacho hakikupaswa kuwa pale, kigumu, chenye uvimbe kama magunzi kwenye gunia. Mkono wangu ukasimama.

"Umesimama," alisema. "Umefika wapi?"

Maneno ya kitabu yalinijia mdomoni, yale marefu ambayo mtu anaweza kujificha nyuma yake. "Itabidi tupate vipimo kwanza, Mwalimu, tupige na picha..."

"Picha sikuuliza. Umefika wapi?"

"Kate."

"Kate ya kawaida inaishia mbavuni."

"Imevuka. Imekaribia Sumbawanga mjini."

"Ngumu?"

"Ngumu. Ina mawe."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyesahihisha hesabu na kukuta jibu ni lile lile. "Na mimi ndivyo nilivyoshika. Lakini mtu hawezi kulishika tumbo lake bila kujipendelea."

Nilibaki nimeweka mkono pale. Nikaona nisiposema sasa sitasema tena. "Mwalimu, siku ile ya Muze, ile kanuni nilikuwa naijua."

"Najua ulikuwa unaijua. Niliiimba kila wiki."

"Ungewaambia."

"Niwaambie nini? Ulikuwa peke yako na umeogopa. Mtu akiogopa, kinachobaki kichwani ndicho alichofundishwa kweli. Kilichobaki kilikuwa ramani, kanuni ikaanguka njiani. Aliyepanga nini kibaki ni mimi." Akapumua. "Yule mama naye nilimkosea kabla yako. Kwenye ramani yangu mji wa mimba sikuupa kijiji. Niliona haya mbele ya masista waliokuwa darasani kwenu. Ndiyo maana hukuuliza."

Hilo sikuwahi kuliwaza.

"Unawafundisha ramani?" akauliza.

"Hapana, Mwalimu. Imekatazwa. Nafundisha ya kitabu."

Aligeukia ukutani, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue nilimwona hana neno la kuchekesha. Kisha, bila kugeuka: "Una wanafunzi wangapi?"

"Kumi na wanne."

"Wameshawahi kushika ini kama hili?"

"Bado."

"Walete kesho. Baada ya chakula, kwenye saa yao ya kusinzia."

Nikawaleta. Walipanga mstari barazani, wanasugua mikono kama watu wanaoota moto. Mkewe alipouona mstari ule alikasirika. "Mmemfanya baba yenu mbuzi wa mnadani?"

"Waache, mama," alisema kutoka ndani. "Hawa hawanunui, wanashika tu."

Waliingia mmoja mmoja. Shikamoo Mwalimu, marahaba, mikono juu ya tumbo, kisha jibu: ini limevimba, limeteremka kiasi fulani chini ya mbavu, lina vinundu. Majibu mazuri, yote kutoka ukurasa mmoja, yote nimewafundisha mimi. Yeye alifumba macho na kuitikia, "Sawa. Sawa. Anayefuata."

Wa tisa alikuwa msichana mfupi kutoka bondeni. Hakwenda moja kwa moja kwenye ini. Alianza kushoto chini, akahamia kulia chini, akapanda kushoto juu, na mwisho ndipo akaja lilipo. Nilimtazama. Utaratibu huo mimi sikuwa nimemfundisha. Alipomaliza alisema jibu la kitabu, lakini alipokuwa anatoka nilimsikia akimnong'oneza mwenzake mlangoni, "Kate imefika stendi ya mjini."

Mwalimu akafumbua jicho moja. "Rudi. Umesema nini?"

"Samahani, Mwalimu."

"Sema kwa sauti."

Msichana alinitazama mimi, ameogopa. "Nimesema Kate imefika stendi."

"Nani kakufundisha? Huyu?"

"Hapana, Mwalimu. Tunafundishana bwenini. Wa mwaka wa pili ndio wanatupa, na wao walipewa na waliowatangulia." Kisha, haraka, kana kwamba ndicho kitakachomwokoa: "Lakini kwenye mtihani hatuandiki, na kwenye simu hatusemi."

Alicheka. Alicheka mpaka akashika mbavu za kulia kwa maumivu, mpaka mkewe akaja kusimama mlangoni. Akafuta macho kwa pembe ya shuka, akanyoosha shingo kuangalia mstari uliobaki barazani.

"Anayefuata," alisema. "Njoo ushike, kabla haijavuka kwenda Laela."